Skopu haisogezi risasi: dhana potofu kuhusu saiti za chuma na darubini za bunduki

Mbukwenyi wakuu. Juzi nimekaa kijiwe cha kahawa pale Majengo, Dodoma mjini, stori ikahama kutoka Simba na Yanga ikatua kwenye bunduki, sijui hata ilifikaje, na ghafla kila aliyewahi kushika SMG (ndo hiyo AK-47 ya Mrusi) siku mbili JKT akawa mtaalamu. Mmoja anasema bila skopu huwezi kupiga kitu zaidi ya mita mia, mwingine anasema skopu ni ya watu wasiojua kulenga, mzee mmoja pembeni akauliza kama inawezekana kuifunga kwenye gobole. Mi nikanywa kahawa yangu na kashata nikanyamaza, ila nimerudi nyumbani roho haijatulia, ndo maana naandika. Sijifanyi komando, nilipita JKT kama wengine, alafu nimezunguka sana na bamdogo wangu ambaye ana raifo ya leseni na msimu ukifika anaomba kibali cha kuwinda upande wa Manyoni, kwa hiyo mengine nimesoma na mengine nimeona mtu akitokwa damu, ntafika huko.

Nikisema saiti za chuma nazungumzia kile kinundu kilichosimama mbele karibu na mdomo wa mtutu, pamoja na pengo au tundu la nyuma unalochungulia. Skopu ni ile darubini inayofungwa juu ya bunduki, basi.

Dhana: ukifunga skopu risasi inafika mbali zaidi

Hii ndo mama wa dhana zote. Ukweli ni kwamba risasi haina macho, haijui kama juu yake kuna kioo cha bei mbaya au kipande cha chuma. Kasi yake inatokana na baruti, uzito wake na urefu wa mtutu, na ikitoka tu mdomoni inaanza kuvutwa chini na dunia kama jiwe lolote. Chukua raifo ya kawaida ya 7.62 kwa 51 (upana wa risasi na urefu wa ganda lake, kwa milimita) iliyorekebishwa ipige palepale unapolenga kwa mita 100: ukilenga vilevile kitu kilichoko mita 300 risasi itapiga chini ya pale kwa kama sentimita 35 hadi 40, na kwenye mita 500 inakuwa chini kwa zaidi ya mita moja na nusu. Risasi ya SMG, ile fupi ya 7.62 kwa 39, ni nzito kidogo mwendo, kwa hiyo ukifanya hivyohivyo, mita 300 tu imeshashuka zaidi ya nusu mita. Yani umelenga bega la swala, vumbi linatimka chini ya miguu yake, alafu unailaumu skopu.

Kazi ya kufidia huo mshuko saiti zote mbili zinaweza kuifanya. Waliopita JKT wanakumbuka zile namba kwenye saiti ya nyuma ya SMG, 1 mpaka 8 kwenye zile za zamani na mpaka 10 kwenye AKM, kila namba ni mita mia. Ukisogeza kile kidude kwenda namba kubwa saiti ya nyuma inanyanyuka, na ili uone sawasawa inabidi uinue mtutu bila hata kujua. Kwenye skopu unazungusha kifuniko cha juu kinalia ka-ka-ka, lengo ni lilelile, mtutu uangalie juu kidogo.

Dhana: saiti za chuma mwisho wake mita 100

Hapana kabisa. Wanamaji wa Marekani, wale Marines, kwa miaka mingi walikuwa wanafanya mtihani wa shabaha kwa saiti za chuma mpaka yadi 500, ambazo ni mita 457, skopu zimekuja kuingia kwenye mtihani wao juzijuzi tu. Kwenye Olimpiki mashindano ya raifo hayaruhusu skopu, wanatumia tundu la nyuma na duara la mbele, na kwenye mita 50 ile duara ya alama 10 ina upana wa milimita 10.4, kwenye mita 10 ya bunduki ya upepo ni nusu milimita, yani nukta ya kalamu. Na yule Simo Häyhä wa Finland kwenye vita ya majira ya baridi ya 1939 na 1940, anayehesabiwa kuua askari zaidi ya 500, alipendelea saiti za chuma kwa sababu skopu ingemlazimisha anyanyue kichwa, na kioo kingeng'aa juani au kuganda ukungu.

Lakini msinielewe vibaya, karatasi nyeupe yenye duara jeusi sio mnyama. Hapa ndo hesabu inakuja. Tuseme kile kinundu cha mbele kina unene wa milimita 2 na kiko sentimita 70 kutoka kwenye jicho lako. Kwa mita 100 kinafunika kama sentimita 29 za kitu unacholenga. Kwa mita 300 kinafunika karibu sentimita 86. Sasa swala mzima kifua chake kina kina cha sentimita ngapi? Kinundu kimemmeza, unalenga kitu usichokiona, na ukiongeza kwamba mwezi wa nane kule Manyoni nyasi na swala vina rangi moja, unaelewa kwa nini mimi binafsi naona mwindaji wa saiti za chuma akizidisha mita 100, sana sana 150, anamtesa mnyama tu. Bunduki inafika, jicho ndo halifiki.

Dhana: ukilenga, macho yote kwenye shabaha

Hii naipenda kwa sababu hata waliofundishwa wanaisahau. Chukua kalamu, nyoosha mkono, ielekeze kwenye mbuyu ulioko mbali. Ukiitazama ncha ya kalamu mbuyu unakuwa na ukungu, ukiutazama mbuyu kalamu inakuwa mbilimbili. Jicho haliwezi kuona vizuri vitu viwili vya umbali tofauti kwa wakati mmoja, na saiti za chuma zinakupa vitatu: pengo la nyuma, kinundu cha mbele, na shabaha. Lazima uchague, na anayechaguliwa ni kinundu cha mbele. Kione wazi mpaka kingo zake, acha shabaha iwe na ukungu kidogo, acha na pengo la nyuma liwe na ukungu.

Kwa nini? Kwa sababu kosa la kinundu linazaa. Kwenye AK umbali kati ya saiti ya nyuma na ya mbele ni kama milimita 378. Ukikikosea kinundu kikae pembeni ya katikati kwa milimita 1 tu, kwa mita 100 umepotea sentimita 26. Lakini ukiwa umekaza saiti zako vizuri alafu bunduki nzima ikasogea pembeni milimita 1 bila kugeuka, kwa mita 100 umepotea karibu milimita hiyohiyo. Ndo maana raifo ndefu inaonekana ina shabaha nzuri kuliko fupi, mara nyingi siri sio mtutu ila zile saiti zimeachana zaidi.

Na hapa ndo naona watu wengi hawajui skopu ina faida gani hasa. Wanadhani ni kukuza. Kukuza kunasaidia sawa, ila kikubwa ni kwamba ule msalaba wa kulengea ulioko ndani ya skopu na mnyama unaviona kama viko umbali mmoja, jicho halihangaiki kuchagua. Bamdogo alipopita miaka 50 alianza kulalamika kwamba saiti ya mbele "imeota nywele". Aliishika bunduki akaisafisha na kitambaa mara tatu. Sio bunduki, bamdogo, ni yale macho yanayokufanya usogeze gazeti mbali ili usome. Skopu ya kukuza mara 4 ikamrudisha ujana.

Dhana: skopu inayokuza zaidi ndo bora

Baada ya ile ya mara 4 bamdogo akapata tamaa, akanunua inayofika mara 12. Siku moja asubuhi tunatembea, ngiri akachomoka kichakani kama mita 40 mbele yetu akasimama anatushangaa. Bamdogo akanyanyua bunduki, kimya. Namwangalia, kimya. Ngiri akainua mkia kama antena akaondoka zake. "Bamdogo vipi?" "We dogo, nimeona manyoya tu, kama brashi ya viatu!" Alikuwa ameiacha kwenye 12, kwa mita 40 dirisha lake ni dogo hivi, kichwa hakioni, bega halioni.

Kuna mengine mawili. Skopu haikupunguzii kutetemeka, inakuonyesha tu ulivyokuwa unatetemeka siku zote, na ukikuza sana mtu anaogopa ule mtikisiko, anausubiri msalaba upite katikati alafu anavuta triga kwa ghafla, imekwenda. Alafu jua letu. Saa saba mchana pale tambarare za Bahi ardhi inapumua mazigazi, ukiweka 12 unaona shabaha inacheza kama iko ndani ya maji, ukirudisha kwenye 4 inatulia, kwa sababu ulikuwa unakuza na ile hewa ya moto.

Jioni nako ni hesabu ya kugawanya. Lenzi ya mbele ya milimita 40 ukikuza mara 4 inakuletea duara la mwanga la milimita 10 kwenye jicho, ukikuza mara 10 linabaki la milimita 4. Mboni ya kijana gizani inafunguka hata milimita 7, kwa hiyo kwenye 10 jicho linaomba mwanga na halipewi. Watu wanasema skopu "mbovu jioni" kumbe punguza tu namba. (Usiku kuwinda hairuhusiwi, kwa hiyo tusifike huko.)

Dhana: sogeza jicho karibu na kioo ndo uone vizuri

Damu sasa. Skopu nyingi za raifo zinataka jicho likae sentimita 8 hadi 10 nyuma ya kioo. Bamdogo siku ya kwanza kuifunga kwenye .375, raifo ya risasi nene ambayo inapiga bega kama mtu anakusukuma na mlango, alilala chini akakunja shingo mpaka nyusi inakaribia kugusa. Nikamwambia bamdogo umesogea sana, akasema nyamaza naona vizuri. Pa! Bunduki ikarudi, ukingo wa skopu ukamchora nusu duara juu ya jicho, damu ikashuka akadhani risasi imerudi nyuma. Nyuzi tatu. Nyumbani kamwambia mamdogo kagonga mlango wa gari, na mpaka leo mamdogo anaamini hivyo, kwa hiyo naomba haya maandishi yasimfikie. Ukilala au ukipiga kuelekea mlimani ndo hatari zaidi, kichwa chenyewe kinasogea mbele. Saiti za chuma hazina hiyo shida, huo ni ushindi wao wa wazi.

Dhana: karibu kabisa huwezi kukosa

Skopu inakaa sentimita 4 au 5 hivi juu ya mtutu. Kwa mita 5 au 10 risasi bado haijapanda kukutana na mstari wa macho, kwa hiyo inapiga chini ya msalaba kwa kama sentimita hizohizo. Ukipiga nyoka kichwani kwa skopu utapiga udongo.

Dhana: ikisharekebishwa imerekebishwa

Ukibadilisha aina ya risasi, pale inapopiga pamebadilika. Ikianguka, pamebadilika. Ukiifunga bunduki nyuma ya pikipiki kwenye barabara ya vumbi yenye mawimbi kilomita themanini, skrubu za skopu zimelegea na wewe hujui. Saiti za chuma ni ngumu zaidi ila nazo zinagongwa, na kuzirekebisha kunawachanganya watu: saiti ya nyuma unaisogeza kule unakotaka risasi iende, ya mbele unaisogeza kinyume chake. Risasi zinapiga juu? Pandisha kinundu cha mbele. Wengi wanakishusha alafu wanashangaa inazidi kupaa. Kwenye skopu nyingi mlio mmoja wa kile kifuniko ni kama milimita 7 kwa mita 100, kwa hiyo ukiwa chini kwa sentimita 7 ni milio 10.

Na upepo wetu huu wa kiangazi hakuna saiti inayouzuia. Upepo wa ubavuni wa kilomita 16 kwa saa unaisukuma ile 7.62 ya raifo kama sentimita 18 hadi 20 kwa mita 300.

Yule mzee wa gobole nimjibu: mzee wangu, mtutu wa gobole hauna mifereji ya kuizungusha goroli, kwa hiyo ikitoka inakwenda inakojua yenyewe, na skopu itakuonyesha tu vizuri zaidi ikikosa. Bamdogo kwa sasa karudi kwenye ile ya mara 4. Kabla ya kila msimu anaenda uwanja wa shabaha wenye kibali, anaweka boksi la sabuni mita 100, anapiga risasi tatu polepole, anaacha mtutu upoe kati ya moja na nyingine, kisha anaenda mwenyewe kwa miguu kupima matundu na rula ya shule ya mwanae.