Vifungo vya mlingoti kwenye katamarani ya zamani: badilisha kabla havijakatika

Hobie 16, katamarani ndogo ya tanga yenye bodi mbili, ilibuniwa mwishoni mwa miaka ya 1960 na Hobie Alter, mtengenezaji wa mbao za kuteleza mawimbini huko California, na hadi sasa zimeundwa zaidi ya 100,000. Nyingi za zamani bado zinaingia majini. Bodi zake mbili za fibaglasi huvumilia sana zikitunzwa. Kinachoangusha mlingoti ni vipande vidogo vya chuma ambavyo mwenye chombo huvipita kwa sababu bado vinang'aa.

Mlingoti wa jahazi hukitwa ndani ya chombo. Huu wa katamarani umesimama juu ya kikanyagio kidogo kwenye boriti ya mbele, tena unazunguka kufuata tanga. Unaoushikilia ni waya wa mbele na waya mbili za ubavuni, na zote hukutana juu kwenye shakeli moja (pingu ndogo ya chuma inayofungwa kwa pini), pamoja na waya za trapizi wanazoning'inia mabaharia. Shakeli hiyo ikikatika, mlingoti wa mita nane unawalalia watu.

Basi ukiulaza mlingoti, anzia hapo juu. Toa pini ya shakeli na upitishe ukucha juu yake. Ukucha ukinasa kwenye mfereji, pini na shakeli vimekwisha kazi. Tazama pia tundu la bamba linaloshika shakeli: likishakuwa na umbo la yai, bamba nalo libadilishwe, maana pini mpya ndani ya tundu lililotanuka italika upesi kuliko ile ya kwanza. Shakeli ya duka la vifaa vya ujenzi isiyo na alama ya uzito inaoubeba haifai hata kwa muda. Tafuta stenlesi ya daraja la 316, inayostahimili chumvi vizuri zaidi.

Waya zinahitaji jicho la wasiwasi zaidi. Hobie za zamani mara nyingi zina waya zilizovikwa plastiki, na plastiki hiyo inaficha ubaya. Stenlesi hujilinda kwa utando mwembamba unaohitaji hewa. Maji ya chumvi yakituama chini ya plastiki, hewa haifiki, na chuma huanza kuliwa kwa ndani huku nje kukionekana kuzuri. Mahali pa kukagua ni pale waya unapoingia kwenye kichwa chake kilichobanwa. Ukiona madoa ya kahawia, ufa, au uzi mmoja tu uliokatika, usiufunge kwa tepu; badilisha waya. Na ukibadilisha wa kulia, badilisha na wa kushoto, kwa kuwa zimekula chumvi sawa.

Waya wa mbele huachwa kwa sababu jibu, lile tanga dogo la mbele, likivutwa sawasawa, mzigo huhamia kwenye waya ulioshonwa ndani ya ukingo wake, na waya wa mbele hulegea. Watu wanauona hauna kazi. Jarari ya jibu, yaani kamba ya kulipandishia, ikikatika, waya wa mbele ndio pekee unaobaki kuuzuia mlingoti usianguke nyuma.

Chini kwenye kitako cha mlingoti kuna kisahani cha plastiki ambacho mlingoti huzungukia. Ni cha bei ndogo. Kikiisha, chuma kinasaga chuma, na utajikuta unanunua kitako kizima.

Kazi ngumu ni ribiti, zile pini zinazoshikiza vifaa kwenye mlingoti. Stenlesi na alumini zikigusana ndani ya maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa; ule unga mweupe unaouona kuzunguka ribiti ni mlingoti wenyewe unaoyeyuka. Kata kichwa cha ribiti kwa drili taratibu, kisha sukuma shina kwa panchi. Kichwa kikizunguka pamoja na biti, acha drili, tumia tupa. Usitanue tundu. Safisha unga wote, paka mafuta mazito ya kutenganisha metali pande zote mbili na ndani ya tundu, ndipo upige ribiti ya aina na kipenyo kilekile alichotumia mtengenezaji.

Ukimaliza, ziba kitako na matundu yote kwa silikoni ya baharini. Mlingoti huu umekusudiwa kubaki na hewa ndani ili chombo kikipinduka kisigeuke juu chini kabisa. Uzamishe majini kabla ya kuusimamisha. Mapovu yatakuonyesha panapovuja.

Kabla ya kuinua, tazama juu. Mlingoti wa alumini ukigusa nyaya za umeme unaua, na watu wamekufa hivyo. Ndiyo maana tangu miaka ya 1980 Hobie 16 nyingi, hasa za Marekani, zimekuwa zikiwekewa ncha ya juu isiyopitisha umeme. Ncha hiyo hailindi sehemu ya chini, kwa hiyo kama kuna nyaya karibu, sogeza chombo kwanza. Inueni mkiwa wawili au zaidi, na mmoja asiachie waya wa mbele mpaka pini yake iingie na kipete chake, kile kinachozuia pini isichomoke, kifungwe.

Waya mpya hurefuka kidogo baada ya safari ya kwanza. Ukirudi ufukweni, kaza upya, kagua kila kipete, halafu uvizungushie tepu ili tanga lisivinase.