Maana ya kujazwa upya kwa maji ya ardhini, kwa ushahidi wa visima vya Makutupora

Wataalamu wa maji wanapozungumzia kujazwa upya kwa maji ya ardhini, wanamaanisha jambo moja mahsusi: maji ya mvua, ya mto au ya bwawa kushuka na kupita sehemu yote ya udongo inayofikiwa na mizizi na joto la jua, hadi yaungane na maji yaliyokwisha kutuama katika mchanga au mwamba ulio chini. Mpaka huo wa mizizi na jua ndio unaoipa dhana maana yake. Mvua iliyolowesha shamba na kustawisha mtama imefanya kazi kubwa, lakini ikiwa yote ilirudi hewani kwa kupitia majani na kwa kukauka juu ya udongo, haikuongeza hata tone katika kisima kirefu. Kwa sababu hiyo mwaka unaweza kuwa wa neema kwa mkulima huku maji ya ardhini yakiendelea kupungua, na watu wakashangaa kuona pampu inahangaika wakati maghala yamejaa.

Aliyewahi kutia maji katika mtungi mpya wa udongo anajua kwamba maji ya kwanza hunywewa na mtungi wenyewe. Ardhi ya nchi kavu iko vivyo hivyo. Baada ya miezi saba au minane ya kiangazi, udongo una kiu ambayo ni lazima ishibishwe kwanza, na mimea nayo inadai haki yake, na jua halisubiri. Mkoani Dodoma, ambako mvua ya mwaka ni kama milimita 550 hadi 600 na huja katika msimu mmoja tu kati ya Novemba au Desemba na Aprili, uwezo wa jua na upepo kukausha maji ni mkubwa mara kadhaa kuliko mvua yenyewe. Ukitazama hesabu hiyo kwa wastani wa mwaka, utahitimisha kwamba hakuna kinachobaki cha kushuka chini. Hata hivyo, jiji la Dodoma limekunywa maji ya visima kwa miongo mingi. Maji hayo yameingia lini na kwa njia gani?

Jibu limetoka katika bonde la Makutupora, kaskazini mwa jiji, penye eneo la visima ambalo wakazi wengi hulifahamu kwa jina la Mzakwe. Tangu katikati ya miaka ya 1950 watumishi wa idara ya maji wamekuwa wakipima na kuandika usawa wa maji katika visima vya hapo, katika vipindi vya utawala wa kikoloni, uhuru, mageuzi ya wizara na mabadiliko ya majina ya idara, hadi ikapatikana mojawapo ya kumbukumbu ndefu zaidi za aina yake katika nchi zote za kitropiki zenye ukame. Naitaja kazi hiyo kwa heshima kubwa. Kushusha kipimo kisimani, kusoma namba na kuiandika daftarini ni utafiti wa serikali usio na sherehe, na namba moja peke yake haina la kusema. Thamani yake hujitokeza pale ambapo aliyeianza amekwisha kustaafu na mwingine ameipokea bila kuiacha ikatike.

Kumbukumbu ya usawa wa maji haigeuki kuwa kipimo cha kujazwa upya bila hesabu ya kati, na hapa ndipo wasomaji wengi hupotoka. Maji yakipanda mita moja kisimani, haina maana kwamba safu ya maji yenye kimo cha mita moja imeongezeka ardhini, kwa kuwa sehemu kubwa ya mita hiyo ni chembe za mchanga na vipande vya mwamba, na maji yanakaa katika nafasi zilizo baina yake. Tuseme nafasi zinazoweza kujaa na kumwaga maji ni asilimia 5 ya mwamba mzima: basi kupanda kwa mita moja ni sawa na maji ya kimo cha milimita 50 tu. Kisha ni lazima kuongeza kiasi kilichovutwa na pampu katika muda huohuo, maana kisima kinachovutwa usiku na mchana kinaweza kuonekana kimetulia wakati ukweli ni kwamba kinapokea mengi na kutoa mengi. Kwa hiyo daftari la pampu lina uzito sawa na daftari la usawa wa maji, na moja likipotea la pili hupungukiwa maana.

Mwaka 2013 wataalamu wa Wizara ya Maji na University College London, pamoja na wenzao, walichapisha uchambuzi wa miaka 55 ya kumbukumbu hizo. Waliona kwamba maji ya Makutupora hayajazwi kidogo kidogo kila mwaka, kama mshahara unaoingia kila mwezi. Usawa wa maji hushuka mfululizo kwa miaka kadhaa, kisha katika msimu mmoja wa mvua kubwa isiyo ya kawaida hupanda kwa ghafla, halafu huanza tena kushuka taratibu. Misimu saba tu yenye mvua nyingi zaidi ilichangia takriban asilimia 60 ya maji yote yaliyoingia katika miaka hiyo 55, na msimu mmoja wa 1997–98 ulitoa peke yake karibu moja ya tano. Huo ndio msimu wa El Niño ambao watu wazima wa Afrika Mashariki wanaukumbuka kwa barabara zilizokatika, madaraja yaliyosombwa na kipindupindu kilichoenea. Maji yaleyale yaliyoleta msiba juu ya ardhi ndiyo yaliyoweka chini yake akiba iliyonywewa kwa miaka iliyofuata.

Misimu hiyo haiji kwa bahati tupu. El Niño, yaani kupata joto kusiko kwa kawaida kwa maji ya juu ya Bahari ya Pasifiki katika ukanda wa ikweta, na hali nyingine inayofanana nayo katika Bahari ya Hindi, ambapo upande wa magharibi ulio karibu na pwani yetu huwa na joto kuliko upande wa mashariki, huongeza uwezekano wa mvua kubwa katika Afrika Mashariki. Mambo hayo mawili yakikutana, kama ilivyokuwa mwaka 1997, udongo hushiba mapema na mvua inayoendelea kunyesha haina tena pa kwenda isipokuwa kutiririka au kushuka chini.

Kuhusu njia ya kushuka, wataalamu hutofautisha namna mbili. Ya kwanza ni maji kupenya kwa kuenea, yaani kila sehemu ya ardhi inapitisha kidogo palepale mvua iliponyesha. Ya pili ni kupenya kwa mkusanyiko: maji hutiririka kwanza kutoka vilimani, yakakusanyika katika makorongo na vijito vya msimu, kisha yakazama kupitia mchanga wa mkondo. Utafiti wa baadaye katika bonde hilohilo, uliochapishwa mwaka 2021, ulionyesha kwamba Makutupora inategemea sana namna hii ya pili, kwa vijito vinavyoingia bondeni na kutiririka kwa muda mfupi wakati wa mvua kubwa. Wenyeji wa Ugogo wamekuwa wakichimba vijisima katika mchanga wa mito iliyokauka tangu zamani, na kwa maoni yangu ujuzi huo ulikuwa umekwisha kuonyesha pa kutazama kabla ya vipimo kuwekwa.

Dhana hii haina budi kutenganishwa na nyingine inayochanganywa nayo mara kwa mara, ambayo ni akiba. Mwaka 2012 wanasayansi wa British Geological Survey, taasisi ya umma ya jiolojia ya Uingereza, pamoja na wenzao wa University College London, walikadiria kwamba Afrika ina maji ya ardhini yapatayo kilomita za ujazo 660,000, zaidi ya mara 100 ya maji yanayojirudisha kila mwaka juu ya ardhi. Habari hiyo ilienea ikisomwa kana kwamba bara zima limekalia bahari isiyokauka. Lakini sehemu kubwa ya akiba hiyo iko chini ya Sahara, katika nchi kama Libya, Algeria, Misri na Sudan, na iliingia huko zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, wakati jangwa lilikuwa na mvua. Hiyo ni akiba bila kipato. Mwaka 2021 taasisi hiyohiyo, pamoja na watafiti wa nchi kadhaa, ilikusanya makadirio 134 ya kujazwa upya kutoka sehemu mbalimbali za bara, na ikapata takriban kilomita za ujazo 15,000 kwa kila miaka kumi. Naona ni busara kwamba walihesabu kwa muongo badala ya mwaka, kwa kuwa kama Makutupora inavyoonyesha, mwaka mmoja ni kipimo kifupi mno.

Setilaiti za GRACE za Marekani na Ujerumani, zilizorushwa mwaka 2002 na kufuatiwa na nyingine mwaka 2018, hutambua mabadiliko ya uzito wa maji kwa kupima nguvu ya uvutano wa dunia. Zinasaidia sana katika mabonde makubwa, lakini zinatazama maeneo yenye upana wa mamia ya kilomita, na bonde dogo kama la Makutupora linapotea ndani yake.

Katika kupanga matumizi, maana ya haya yote ni nzito. Mamlaka inayoruhusu uvutaji wa maji kwa kufuata wastani wa mwaka inaweza kuruhusu kiasi ambacho hakitarudishwa kwa miaka sita au saba, na Dodoma imekua kwa kasi tangu serikali ilipoanza kuhamia huko mwaka 2016. Kadiri hali ya hewa inavyopata joto na mvua kubwa kuzidi ukali, huenda maji ya ardhini yakapokea zaidi hata pale mashamba yanapoteseka, lakini hilo linategemea mikondo ya vijito kubaki wazi. Mkondo uliokauka kwa miezi kumi unaonekana kama kiwanja kisicho na mwenyewe: mchanga wake unachimbwa kwa ujenzi, na nyumba zinasogea hadi kingo zake. Ningependa kuona mikondo hiyo imechorwa katika ramani za mipango miji kwa alama ileile inayowekwa kwenye visima, kwa sababu kisima ni mahali pa kutolea maji tu, na mlango yanakoingilia uko kule kwenye mchanga.