Picha ya kitambulisho inataka uso, haitaki nywele

Tangu tuanze kuzunguka shehia kwa shehia kuhuisha vitambulisho, malalamiko yanayoletwa dirishani na yanayosambazwa kwenye simu ni yale yale: kwamba wake na mabinti za watu "wanavuliwa" mbele ya wanaume. Nimeifanya kazi hii hapa Pemba kwa miaka, na wanaoumizwa na maneno haya ni wanawake wenyewe, maana wanabaki majumbani bila kitambulisho.

Picha inataka uso: kuanzia juu ya paji hadi kidevuni, shavu hadi shavu. Basi. Baibui, mtandio na ushungi vinabaki vilipo. Masikio hatuyataki, nywele hatuzitaki. Hata viwango vya kimataifa vya picha za pasipoti vinaruhusu vazi la kichwa la kidini ilimradi uso wote uonekane. Afisa akikwambia uvue mtandio amekosea. Muombe mkubwa wake papo hapo, usiondoke.

Anayevaa nikabu, au kizoro kama tunavyokiita wenyewe, ana hatua moja zaidi. Ukifika tu, mwambie mwandikishaji kuwa unataka kupigwa picha na mwanamke. Utaitwa nyuma ya pazia, na mume au kaka atasubiri nje. Legeza pini za mtandio kidogo ili kivuli chake kisiangukie kwenye paji, na pini za vito zinazometameta ziache nyumbani kwa sababu zinarudisha mwanga wa kamera. Wanja hauna neno. Piko, ile rangi nyeusi ya kujichora mikono, ikikolea hadi ncha za vidole inaisumbua mashine ya alama za vidole, kwa hiyo bibi harusi asije wiki ile ile.

Juzi alikuja bibi mmoja kutoka upande wa Micheweni, na mjukuu wake amemshika mkono. Alikaa kitini, akaishika nikabu kwa vidole viwili, akasita. "Mwanangu, na mtandio nao?" Mwenzetu akamjibu, "Hapana bibi, uso tu." Bibi alishusha pumzi mpaka tukaisikia. Kumbe miaka mitatu alikuwa akiikwepa ofisi kwa kuogopa jambo ambalo halipo.

Wapo wanaosema Zanzibar inafuata ya Ufaransa. Ufaransa tangu 2011 kufunika uso barabarani ni kosa lenye faini ya hadi euro 150. Hapa hakuna sheria kama hiyo, na Katiba ya Zanzibar ya 1984, ibara ya 19, inalinda uhuru wa dini. Kufunua uso kwa dakika mbili nyuma ya pazia na kukatazwa nikabu sokoni Darajani ni vitu viwili tofauti, na sielewi kwa nini watu wazima wanavichanganya.

Kwa wenye shaka ya kidini, wengi wetu ni Mashafi, yaani wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafi, na kitabu cha Minhaji cha Imamu Nawawi kinachosomeshwa kwenye darsa zetu kimetaja kuwa kuutazama uso kunaruhusiwa kwa haja kama muamala, ushahidi na kufundisha. Na aliyekwenda Hija pasipoti yake ina uso wake.

Wapo pia wanaotuandikia upande wa pili, wakitaka tuwafukuze wenye kizoro kwa kuwa eti ni mtindo wa juzi. Hao nao hawaijui historia. Barakoa, kabla neno halijahamia kwenye maradhi, ilikuwa ikivaliwa na mabibi wa Unguja zama za Salme, binti wa Sultani Said, karne ya 19. Na baada ya utumwa kupigwa marufuku 1897, wanawake ambao hawakuwa na ruhusa ya kujifunika walilivaa baibui kuonesha kuwa nao ni waungwana. Kazi yetu si kupima dini ya mtu kwa kitambaa.

Tusilolivumilia ni udanganyifu. Tumeshampata mume aliyemleta dada yake akae mbele ya kamera kwa jina la mkewe, ili uso wa mke "usitoke". Hilo ni jinai. Anayejifanya mtu mwengine ameshakosa, aliyempeleka ameshakosa, na mke aliyekubali naye anahojiwa. Faili linasimamishwa, alama za vidole zinalinganishwa, na kadi haitoki mpaka suala limalizike. Siku mume atakapofariki, mke huyo ataingia kwa kadhi kudai mirathi akiwa na kadi yenye sura ya wifi yake. Nani atamsadiki?

Hofu moja naikubali, nayo ni nani ataiona picha baadaye. Kadi ni yako, haibandikwi ukutani. Ukifika benki au hospitali, omba mhudumu wa kike akulinganishe faraghani. Wakikwambia hayupo, uliza atakuwapo saa ngapi, kisha rudi saa hiyo.