Msafara wa baiskeli wa usonji: maswali tunayoulizwa kila kijiji

Tunaendesha baiskeli kijiji kwa kijiji, tunachangisha hela na kuongea na watu kuhusu usonji. Tukishuka tu, hata maji hatujanywa, maswali yanaanza, na mengi ni yale yale.

Usonji ni kichaa?

Hapana. Ni ubongo kukua kwa namna yake tangu mtoto akiwa mdogo sana, na inagusa anavyowasiliana, anavyochangamana na watu, anavyopokea kelele, mwanga, hata kuguswa. Wengine hawaongei kabisa, wengine wanaongea vizuri tu na wana kazi zao. Shirika la Afya Duniani linakadiria mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 alikuwa nao, kwa hiyo mtu akiniambia "kwetu huku hakuna" sibishani naye, ila najua wapo, pengine wamefungiwa ndani wageni wasiwaone.

Mama yake alikosea nini? Au amerogwa?

Hili ndo swali linaloulizwa kwa sauti ya chini, tena mara nyingi mama mwenyewe amesimama pale pale. Hajakosea kitu. Sababu kubwa ni za kurithi, yani vinasaba, pamoja na mambo mengine kama mtoto kuzaliwa njiti. Na msidhani lawama hizi ni za vijijini tu, miaka ya 1950 na 1960 huko Marekani wataalamu wenye majina makubwa walikuwa wanasema mtoto anakuwa hivi kwa sababu mama hana upendo, wakaja kuumbuka.

Chanjo nayo haihusiki. Uvumi kwamba chanjo ya surua inaleta usonji ulishika kasi 1998, daktari wa Uingereza Andrew Wakefield alipoandika kuhusu watoto 12 tu kwenye jarida la Lancet, mwaka 2010 jarida likaifuta makala na yeye akafutwa kwenye orodha ya madaktari. Surua inaua jamani, pelekeni watoto wachanjwe.

Nitajuaje mapema?

Angalia kidole. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu kwa kawaida anakuonyeshea vitu, ndege yule, mbwa yule, halafu anakugeukia aone kama na wewe umeona. Mwenye usonji mara nyingi hafanyi hivyo, akitaka kikombe anakushika mkono anaupeleka kwenye kikombe bila hata kukutazama usoni. Kingine, ukimwita jina hageuki, au alikuwa na maneno yake mawili matatu yakapotea, hilo la kupoteza maneno usilisubirie kabisa, nenda kituo cha afya. Dalili moja peke yake haitoshi kusema ni usonji, na waombe wampime masikio kwanza maana asiyesikia naye hageuki akiitwa.

Dawa ipo?

Ya kuondoa usonji haipo, na anayekuuzia anakuibia. Kuna dawa za kifafa au za shida ya usingizi kama mtoto anazo hizo pia. Kinachosaidia ni mazoezi ya mawasiliano, na mengi mzazi anaweza kuyafanya nyumbani akielekezwa: sentensi fupi, picha za kuonyesha nini kinafuata, kumwambia mapema kabla ya kubadilisha ratiba yake.

Sasa baiskeli za nini, si mngekuja na gari?

Gari linapita, baiskeli inasimamishwa. Mtu anakuita toka shambani mnaongea, na njia nyembamba zile gari haliingii. Ila kwakweli misafara mingine inakera, filimbi, spika, honi, halafu eti tumekuja kwa ajili ya watoto ambao kelele zinawaumiza. Sisi tunaingia kimya. Kuna kijana alikuja akakaa chini kwenye baiskeli iliyopinduliwa inazibwa pancha, akawa anazungusha gurudumu na kulitazama, anazungusha tena, babu yake akataka kumtoa kwa aibu, fundi akasema mwache, akahamia baiskeli nyingine.

Wangu ana miaka tisa, nimechelewa?

Mapema ni bora lakini miaka tisa bado anajifunza. Anza na kituo cha afya, uliza nani anapima ukuaji wa watoto, na andika kabla hujaenda: alianza kuongea lini, nini kinamkera, nini kinamtuliza. Ukiweza mrekodi kwa simu akiwa nyumbani, maana mbele ya daktari anaweza kutulia kabisa ukaonekana umetunga.