Klabu ya Nottingham Forest walimuuza mchezaji Brennan Johnson wakachelewa tarehe, wafanyabiashara tuelewane hapa

Kila ikikaribia Juni 30, siku ya mwisho ya ritani kwa wengi, foleni kwenye kaunta yetu ya kodi inakuwa ndefu na maelezo ni yaleyale, "bosi nilikuwa nasubiri malipo yaingie kwanza". Malalamiko yameongezeka, kwa hiyo kwenye kampeni ya safari hii tumeona tuongee mpira, maana wapo watu wanaijua PSR ya ligi ya Uingereza, yaani kanuni za kikomo cha hasara kwa klabu, kuliko ritani zao wenyewe, zile taarifa za mapato na kodi.

Machi 2024 Nottingham Forest walikatwa pointi 4 kwa kuvuka kikomo hicho. Klabu iliyokaa Premier League miaka yote mitatu iliruhusiwa hasara ya paundi milioni 105 kwa kipindi hicho, Forest wao ilikuwa milioni 61 kwa vile miaka miwili kati ya hiyo walikuwa Championship, ligi ya chini yake, wakapitiliza kwa milioni 34.5. Utetezi wao ukawa Brennan Johnson, kwamba tumemuuza Tottenham kwa paundi milioni 47.5 na tungemtoa mapema tungepata kidogo. Kibiashara walikuwa sahihi kabisa, sibishi. Ila mauzo yalifanyika Septemba 1 na hesabu zilishafungwa Juni 30, kwa hiyo hela hiyo ni ya mwaka mwingine, basi. Wakakata rufaa, wakagonga mwamba.

Sasa kwetu Tanzania kama mwaka wako wa mapato unaisha Desemba 31, ritani ya mwisho inatakiwa ndani ya miezi sita, yaani hiyohiyo Juni 30. Siyo tarehe ya kuanza kumtafuta mhasibu! Makadirio ulishaleta Machi na awamu ulipaswa kulipa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Ukichelewesha ritani, adhabu ni asilimia 2.5 ya kodi ambayo hujalipa, au pointi za sarafu (kipimo cha adhabu ambacho sheria imekiwekea thamani kwa shilingi) 15 kwa kampuni na 5 kwa mtu binafsi, inachukuliwa iliyo kubwa, na inahesabiwa kwa kila mwezi au sehemu ya mwezi, kwa hiyo ukija Julai 2 ukasema ni siku mbili tu, mfumo unasoma mwezi. Riba kwenye kodi yenyewe ni kitu kingine, inakwenda pembeni yake. Kuongezewa muda kupo ila barua inaandikwa kabla ya tarehe kufika, siyo baada.

Halafu hili la "nimenunua lori kwa hela ya biashara kwa hiyo mwaka huu sina faida" naomba liishe, jamani. Chelsea walimchukua Enzo Fernández kwa karibu paundi milioni 107 wakampa mkataba wa miaka minane na nusu, bei yake kwenye hesabu ikagawanywa kwenye miaka hiyo, ndiyo maana UEFA na baadaye Premier League wakaja kuweka ukomo wa miaka mitano. Lori nalo linaliwa kidogokidogo kwenye uchakavu kwa viwango vya sheria, hulimalizi mwaka mmoja. Na ada ya shule ya mtoto siyo gharama ya biashara hata ukiilipa kwa simu ya dukani.

Everton nao waliingia na sababu nyingi, vita ya Ukraine imetupotezea mdhamini, uwanja mpya unakula hela. Hasara ilikuwa paundi milioni 124.5, Novemba 2023 wakakatwa pointi 10. Wengi wanakumbuka kelele tu za mashabiki, ila klabu ilifuata utaratibu, ikapeleka hoja 9 kwenye rufaa, 2 zikakubaliwa na Februari 2024 adhabu ikashuka hadi 6. Kosa lilibaki palepale, kilichobadilika ni adhabu. Forest nao walianzia 6 zikapungua 2 kwa sababu walikiri mapema na wakatoa ushirikiano. Wanaoficha vitabu mkaguzi akifika waliangalie hilo.

Kwetu pingamizi linaandikwa ndani ya siku 30 tangu upokee tathmini, yaani hesabu ya kodi unayodaiwa, unaeleza hoja zako na kuambatanisha nyaraka, mikataba, risiti, taarifa za benki, siyo kuandika "kodi ni kubwa mno" ukasaini. Na unalipa ile sehemu ya kodi usiyoibishia au theluthi moja ya tathmini, iliyo kubwa kati ya hizo, vinginevyo pingamizi halipokelewi. Kama una sababu ya msingi ya kushindwa kulipa hiyo amana, unaomba kwa maandishi ndani ya muda huohuo na Kamishna anaweza kukupunguzia au kukuondolea. Kuna wanaokuja siku ya 45 wamebeba tathmini mkononi bado haijafunguliwa kwenye bahasha, wanataka waonane na meneja. Meneja hana mamlaka ya kuzirudisha siku nyuma, muulizeni hata mwenye Forest.