Ramani ya treni huanzia kwenye saa

Watu wakizungumzia kusuka upya mtandao wa treni za masafa marefu, mkono wa kwanza huenda kwenye ramani: tuunganishe mji huu na ule. Kazi yangu ni kupanga ratiba, na kwangu ramani huja mwisho. Naanza na karatasi ya mistari. Vituo navipanga wima, saa nazipanga ulalo, kisha treni naichora kama mstari unaoshuka. Sehemu ya saa sita usiku hadi kumi na moja alfajiri naipaka rangi nyeusi. Kila mji ambao mstari unaukuta ndani ya weusi huo nauhesabu kuwa umehudumiwa nusu, hata kama kwenye ramani una nukta kubwa.

Nitumie mfano wa Amtrak, shirika la treni za abiria la Marekani lililoanza kazi Mei 1, 1971. Njia zake nyingi za masafa marefu hupata treni moja kwa siku kila upande. Njia mbili, Cardinal na Sunset Limited, hupata treni siku tatu tu kwa wiki. Treni ikiwa moja na safari ni ya kulala njiani, lazima kuna mji utakaopitiwa watu wakiwa wamelala.

Kwenye karatasi yangu, mji unaoniuma ni Cleveland, jimbo la Ohio. Kwa miaka mingi treni zake za kwenda na kurudi zimepita kati ya saa saba usiku na alfajiri. Mfikirie mama mwenye watoto wawili na mabegi, amekaa stesheni saa tisa usiku akisubiri treni ambayo huenda imechelewa. Huyo safari ya pili atakwenda kwa gari.

Waliopanga hivyo hawakuwa wazembe. Chicago ndiyo fundo la mtandao wote. Treni za mashariki huingia pale asubuhi, na zile za magharibi huondoka mchana zikiwa zimebeba abiria waliohamia kutoka treni hizo. Treni inayotoka New York, ukiichelewesha saa nne ili ifike Cleveland kumekucha, itaingia Chicago wenzake wakiwa wameshaondoka. Unamponya abiria wa Cleveland, unamwacha solemba yule wa kwenda Denver, magharibi.

Dawa ninayoiamini ni treni ya pili kwenye reli ileile, kwa saa zilizo kinyume na za kwanza. Treni ya pili, ingawa si kwa saa zilizo kinyume kabisa, iliongezwa Mei 2024 kati ya Chicago na St. Paul, Minnesota: treni ya Empire Builder ya kwenda Seattle na Portland iliachwa ilivyo, ikaongezwa Borealis ya mchana. Ramani haikupata mstari mpya hata mmoja, lakini miji ya njiani ilipata safari ya pili.

Bila shaka kuna gharama. Treni ya California Zephyr hulala njiani mara mbili kati ya Chicago na Emeryville, karibu na San Francisco. Seti ya mabehewa ikiondoka leo, hurudi Chicago siku ya sita, saa ambayo treni ya siku hiyo imeshaondoka, kwa hiyo hutoka tena siku ya saba. Ndiyo kusema treni moja tu ya kila siku inakula seti sita, kabla hujahesabu mabehewa ya akiba. Kwenye njia ndefu namna hiyo ni afadhali treni ya pili iwe ya kipande cha njia, si ya safari nzima. Abiria wengi, hata hivyo, hawapandi mwanzo hadi mwisho.

Turudi Cleveland. Treni ikitoka Chicago saa moja asubuhi, itafika Cleveland kama saa tisa alasiri na Buffalo jioni kabla ya chakula cha usiku. Ni ratiba safi, haina weusi popote. Lakini sheria ya mwaka 2008 inataka njia zisizozidi maili 750, kama kilomita 1,200, zigharimiwe na majimbo, na hii inapita Illinois, Indiana, Ohio, Pennsylvania na New York. Majimbo matano yakubaliane. Ukiirefusha hadi jiji la New York ili ivuke maili 750 na iwe ya serikali kuu, itaingia huko saa kumi alfajiri.