Kushuka kwenye shimo la kisima cha mvuke: pima gesi, usitegemee pua

Mvuke wa Olkaria, karibu na Naivasha nchini Kenya, umekuwa ukizalisha umeme tangu 1981. Unapopanda kutoka chini ya ardhi huja na gesi nyingine. Sehemu kubwa ni kaboni dioksaidi, na kiasi kidogo ni haidrojeni salfaidi, ile inayonuka kama yai viza. Zote mbili ni nzito kuliko hewa, hivyo hutuama kwenye shimo la zege linalozunguka kichwa cha kisima, pale pale fundi anaposhuka kukaza boliti au kutia vali grisi. Asubuhi yenye baridi isiyo na upepo ndiyo mbaya zaidi.

Haidrojeni salfaidi hunuka hata ikiwa chini ya sehemu 1 kwa milioni. Ikikaribia 100, uwezo wa kunusa hupotea ndani ya dakika chache, na mtu hudhani gesi imeisha. Kati ya 700 na 1,000, pumzi moja au mbili zatosha kumwangusha.

Kaboni dioksaidi haina harufu, na hapa kuna mtego ambao hata mafundi wazoefu hawauoni. Hewa safi ina oksijeni asilimia 20.9. Kaboni dioksaidi ikijaa hadi asilimia 5, kiwango cha hatari kwa uhai, oksijeni hushuka hadi 19.9 tu, na kipimo cha kawaida cha oksijeni, kinacholia ikishuka chini ya 19.5, hakitalia. Kwenye visima vya mvuke, kipimo kisicho na kihisi (sehemu inayotambua gesi) cha kaboni dioksaidi hakitoshi, hata kama kibali cha kazi kimejazwa sawasawa.

Kabla ya kushuka, vali husika ifungwe na kila fundi aweke kufuli lake, ufunguo abaki nao mwenyewe. Kipimo kiwashwe kwenye hewa safi, kisha kijaribiwe kwa gesi ya majaribio, kwa sababu kihisi kilichokufa nacho huonyesha sifuri. Teremsha mpira wa kuvutia hewa uliounganishwa na kipimo, ukiwa umesimama nje ya shimo: pima juu, katikati, na sentimita chache kutoka sakafuni. Subiri kila mahali mpaka namba itulie, maana hewa huchukua muda kusafiri ndani ya mpira. Haidrojeni salfaidi ikifika 10 kwa milioni, hakuna kushuka.

Feni ikae upande unakotoka upepo na bomba lake lifike chini kabisa, ili hewa safi iisukume gesi juu. Pima tena. Anayeshuka avae kipimo kifuani na mkanda wa mwili mzima uliounganishwa na winchi.

Mlinzi wa shimo, yaani anayebaki juu kumwangalia anayeshuka, haondoki wala hashuki, hata mwenzake akianguka. Kazi yake ni kuzungusha winchi na kuita kikosi chenye mitungi ya hewa. Barakoa ya kichujio haifai kwa uokoaji, kwani haiongezi oksijeni.

Aliyetolewa apelekwe kwenye hewa safi, apewe oksijeni, na daktari aambiwe ni gesi gani. Asiruhusiwe kurudi kazini kwa kuwa amezinduka: maji yanaweza kujaa mapafuni saa nyingi baadaye, kwa hiyo abaki hospitalini chini ya uangalizi.